Kipima Hewa cha Kaka Yangu

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Karakana yangu iko ghorofa ya kwanza ya jengo kuukuu katikati ya Nakuru, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Wateja huletwa na madaktari wa meno, au huja wenyewe wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Wakishakaa, macho yao hupita kwenye meza, kwenye mataya ya plasta yanayokauka, kisha hufika kwenye rafu ya ukutani na kukwama hapo. Kwenye rafu kuna bunduki ya mwanga, kofia ya rubani wa angani, funguo za milango isiyokuwepo, na redio ya mkononi ambayo haijawahi kushika stesheni yoyote. Wengi huniuliza kama nina mjukuu. Sina. Vitu hivyo ni vyangu na nimevitengeneza mwenyewe, nikiiga vile vilivyotumika katika vipindi vya zamani vya televisheni, vya watu wanaosafiri kati ya nyota. Mama mmoja kutoka Bahati, meno yake ya juu yakiwa mkononi mwangu, aliniuliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia mume wangu ndiye aliyepigilia rafu.

Katikati ya rafu kuna pengo ambalo sijalijaza. Hapo palikuwa na kipima hewa. Sasa kiko Naivasha, mtaa wa Kihoto, kwa kaka yangu mkubwa, ambaye siku hizi anakijua kwa vidole tu.

Tulilelewa upande wa Rongai, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla ya wazee wetu kulinunua na kugawana. Televisheni ilikuwa moja tu kijijini, nyumbani kwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa. Iliendeshwa kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu ilipelekwa mjini kuchajiwa, na sisi watoto tulikaa matanga mpaka irudi. Jumamosi jioni tulijazana sebuleni kwa karani, miguu imeoshwa kwa amri ya mkewe, tukaangalia kipindi cha watu ambao sayari yao ilikuwa imekauka na sasa wanazunguka angani wakitafuta nyingine. Kiingereza chao tulikielewa kwa kukisia. Kaka yangu ndiye aliyetafsiri, na alipokwama alitunga.

Kila chombo chao kilipotua, nahodha alichomoa kifaa kidogo kiunoni na kukiinua polepole mpaka juu ya kichwa. Mkono ukifika juu, wote walivua kofia zao za kioo na kuanza kupumua. Kwenye sayari mbaya mkono uliishia kifuani, nahodha akatikisa kichwa, wakarudi chomboni. Sisi kifaa hicho tulikiita Pima.

Kaka yangu alitengeneza Pima yake kwa kisanduku cha sabuni na kipande cha eriali ya redio. Kofia zetu zilikuwa sufuria za mama. Tulipima hewa ya zizi, hewa ya shamba la mahindi, hewa ya choo. Yeye ndiye alikuwa nahodha, kwa sababu ni mkubwa na kwa sababu kifaa kilikuwa chake. Aliinua, akangoja, akasema, "Hewa safi. Vueni," nasi tukavua sufuria. Jumapili moja alipima hewa ya kanisa akaiona mbaya, akatukataza kuvua, na mama akatuvua mwenyewe mbele ya mchungaji.

Nilipokuwa mtu mzima na mtandao ukafika mpaka kwenye simu, nilikitafuta kile kipindi na nikakipata. Si hivyo tu, nilipata watu kama mimi, wengi wao wako Ulaya na Amerika, ambao kazi yao ya mapumziko ni kuiga vifaa vile. Wanaweza kugombana juma zima kuhusu skrubu moja. Wengine wangewaona wehu. Mimi nilijiona nimefika nyumbani, maana katika kazi yangu pia, unene wa ukucha ndio hutenganisha meno ya kutafunia nyama choma na meno ya kukaa kwenye glasi. Nikaanza na bunduki, nikaja kwenye kofia, na Pima, niliyomwahidi kaka yangu, nikaiahirisha kila mwaka. Niliitaka iwe bora kuliko zote.

Kisha kaka yangu akapata presha ya macho. Alikuwa ametumia maisha yake kutengeneza pampu za maji kwenye mashamba ya maua, akastaafu bila hata kidole kilichokatika, na sasa ugonjwa usio na maumivu ulikuwa unamla kutoka pembeni. Daktari alimweleza kwamba ataendelea kuona kama mtu anayechungulia kwenye paipu, na paipu itazidi kuwa nyembamba mpaka izibe. Dawa ingechelewesha tu. Alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Siz," akasema, "ile Pima uliniahidi. Maliza nikiwa bado naona."

Niliweka meno ya watu kando. Nilichonga umbo kwa nta, nikalizungushia plasta, nikayeyusha nta na kumimina akriliki, ile ile ninayotengenezea fizi ila bila ule uwaridi. Vitufe nilivitoa kwenye redio zilizokufa. Wavu wa mbele ulikuwa kichujio cha chai. Vipimo nilipewa na mzee mmoja wa kikundi chetu aliyewahi kukishika kile chenyewe kwa mkono wake. Kuhusu rangi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu picha zilikuwepo na zilikuwa wazi: nyeupe iliyofifia, yenye kitufe kimoja cha machungwa. Nilipoilinganisha na vipande vyangu vya kuchagulia rangi ya meno, ililingana kabisa na jino la mtu wa makamo asiyevuta sigara. Kilipokauka nilikipangusa, nikakiweka kwenye rafu kwa siku chache ili nikitazame, kisha nikakifunga kwa kitambaa na kwenda Naivasha.

Kaka yangu alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia yake ya sufu kichwani. Nyuma yake ukuta ulikuwa bado na mstari wa kahawia ambao maji ya ziwa yaliuacha mwaka yalipofurika. Wifi yangu alileta chai na kusimama aone. Nilimwekea kifaa kiganjani. Alikigeuzageuza, akakipandisha usoni, akainamisha kichwa huku na huku mpaka akakipata kwenye ile paipu yake. Alikitazama muda mrefu.

"Hii ni kazi safi," akasema. "Lakini si ile."

"Si ile vipi?"

"Ile ilikuwa inabadilika rangi. Ikiwa kiunoni ni kijani. Ikifika kifua inakuwa nyekundu. Ikipita kichwa inakuwa buluu, na hapo ndiyo nahodha anajua hewa ni safi. Ama umesahau?"

Nikamwambia haikuwahi kubadilika. Nikamwambia nina picha, nina vipimo, na kuna mtu kule Uingereza aliyeishika.

"Huyo mtu alikuwa kwa karani?"

"Hapana."

"Basi."

Mimi si mtu wa kuachia jambo. Nilitoa simu, nikaikuza picha mpaka ikajaa kioo, nikamsogezea. "Tazama mwenyewe."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Na asiye nayo usimwambie pia."

"Basi ni hayo macho yako yanachanganya rangi."

Wifi aliweka kikombe chini. "Nyinyi ni wazee," akasema, "na mnapigania kitu cha watoto." Kaka yangu alinirudishia kifaa, akasema nirudi nacho, kitaharibika bure pale kwake. Niliumia. Nilikuwa na hasira pia, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi na haikunisaidia chochote.

Kipima hewa kikarudi kwenye rafu. Kila mteja alikisifu na kila sifa ilinichoma. Wifi akawa ananipigia simu na kunieleza mambo madogo: kaka yako amegonga mlango, kaka yako anapapasa kikombe kilicho mbele yake, jicho la kushoto limekwisha kabisa. Hakunilaumu. Alisema tu, kisha akaniuliza habari ya mvua.

Siku moja nilikwenda kwa mafundi wa jua kali wanaouza vyuma na vifaa kuukuu, nikitafuta vitufe vya redio nyingine. Kwenye kibanda kimoja, chini ya cherehani, kulikuwa na televisheni ya zamani yenye sanduku la mbao. Kwenye kioo chake kulikuwa na nailoni iliyobandikwa, imefifia na kujikunja pembeni. Nilichuchumaa kuiangalia. Nikajiona kwenye kioo: paji la uso buluu, mdomo mwekundu, shingo kijani.

Nilikaa hapo chini mpaka mwenye kibanda akaingiwa na wasiwasi. "Mathe, hiyo ilikufa kitambo," akasema. "Chukua kama unataka kabati."

Televisheni ya karani ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, kama zote za wakati ule, na mchuuzi mmoja alimuuzia nailoni ya rangi tatu ya kubandika mbele ili aseme ana televisheni ya rangi. Buluu juu ndiyo mbingu, nyekundu katikati ndiyo ngozi za watu, kijani chini ndiyo nyasi. Mtangazaji wa habari naye alikuwa na nywele za buluu na tai ya kijani, na hakuna aliyeshangaa. Mkono wa nahodha ulipopanda kutoka kiunoni ulipita rangi zote tatu. Kwenye sayari mbaya uliishia kwenye nyekundu. Hakuna mtu wa kikundi changu, popote alipo duniani, aliyeiona Pima ile. Waliiona walioketi chini kwa karani, miguu imeoshwa.

Na mimi niliketi pale. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kelele za Naivasha. Nilikuwa nimetazama picha za watu wengine kwa miaka mingi hata zikafunika yangu, na kaka yangu, ambaye hajawahi kugombana na mtu kuhusu skrubu, alibaki na tulichokiona.

Mwenye kibanda alinibandulia ile nailoni bure, akinitazama kama mtu wa kuombewa. Niliiosha kwa sabuni ya sahani, nikaikunja ndani ya gazeti, na kesho yake asubuhi nilifunga karakana.

Kaka yangu alikuwa amekonda. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, lakini macho hayakunifikia. "Umekuja na ushahidi zaidi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Nikasogeza kiti chake kikatazama mlango, nikampa wifi nailoni aishike kwa pembe mbili za juu, katikati ya mlango, jua la uani likiipiga kwa nyuma. Wifi alinitazama, akaishika. Nikatoka nje na Pima mkononi, nikarudi kinyumenyume hadi niliposadiki kwamba mwili wangu wote umeenea ndani ya ile nailoni. Majirani waliokuwa wakifua waliacha kufua.

"Tazama chini," nikasema.

"Sioni kitu."

Wifi akaishusha kidogo. Nilitikisa kifaa kiunoni, huku na huku. Kaka yangu alikuwa anatafuta kwa kichwa kizima, kidevu kikipanda na kushuka, na mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba nimechelewa, na kwamba nilichelewa nikibishana.

"Ngoja," akasema. "Kuna kitu."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Nikaanza kuinua, polepole, jinsi nahodha alivyofanya. Kichwa chake kilifuata. Nilipofika kifuani nilisimama ili asinipoteze.

"Nyekundu," akasema. Kisha akaegemea mbele, mikono imeshika kiti. "Siz, usisimame hapo."

Nikainua. Mkono ulipita uso, ukapita kichwa, nikaunyoosha mpaka bega likauma. Sikumuuliza rangi. Nilimwona kaka yangu nyuma ya nailoni, uso wake umeinuliwa, haumtafuti mtu tena.

"Hewa safi," akasema. "Vueni."

"Tuvue nini?" wifi akauliza.

Kaka yangu alikuwa ameshavua kofia yake na kuiweka magotini. Nami nikafungua kitambaa changu cha kichwa, pale uani, mbele ya majirani, na nikapumua.