Chumba Kisicho na Mtandao

Kompyuta yangu ina vyumba tisa, na ndani ya kila chumba kuna kompyuta nyingine inayojiona iko peke yake duniani. Najua sielezi vizuri. Kila nikieleza, watu hunitazama kana kwamba nimesema nafuga majini.

Ni mfumo wa watu wasiomwamini mtu, basi. Barua pepe ina chumba chake, benki ina chake, picha za familia zina chake. Kila dirisha lina fremu ya rangi: nyekundu maana yake mtandao umo, nyeusi maana yake hakuna mtandao kabisa. Kirusi kikiingia chumba kimoja, kinafia humo humo. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga, kwa hiyo siku niliyoonyeshwa mfumo huu nilihisi nimepata ndugu.

Wakati huo nilikuwa mfasiri wa shirika dogo lenye ofisi katika mtaa wa Kimihurura, linalowasaidia wanawake waliokimbia vipigo. Wao walisimulia kwa Kiswahili au Kinyarwanda, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Nilikulia Tanzania, nikarudi nyumbani mtu mzima, kwa hiyo lugha zote hizo ninazo na hakuna hata moja inayonikubali moja kwa moja. Kazi niliifanyia nyumbani, kwenye chumba cheusi, na kila mwanamke nilimwambia sentensi ileile: maneno yako hayatatoka kwenye mashine hii mpaka yamfikie wakili.

Kati ya vyumba vyangu kulikuwa na mpangaji mmoja mkorofi, programu ya kuandikia. Wakili alitaka faili za programu ile ya kuandikia ambayo dunia nzima inaitumia, na si nyingine. Nilipomtumia kazi ya programu ya bure, jedwali lilivunjika na maoni ya pembeni yakapotea. "Dada, mimi si fundi," aliniambia. "Nitumie kitu kinachofunguka." Sikumlaumu. Nikausimika mfumo wa kawaida pamoja na programu yake ndani ya chumba cheusi, nikaufungia humo, nao ukafanya kazi huku ukinung'unika kila asubuhi kwamba haumpati mwenye mali yake, yaani kampuni iliyoutengeneza.

Leseni tulitumia ya ofisi. Hapa ndipo panapotakiwa kueleweka vizuri. Shirika lilikuwa na akaunti moja, na sote tuliingia kwa jina moja na nywila moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati la chai. Mkurugenzi, mhasibu, dereva, mapokezi, mimi. Kwenye ile akaunti sote tuliitwa Ofisi.

Mwanamke ninayemkumbuka alikuwa muuza nyanya wa Gitega, mtaa wa mji huohuo. Mumewe alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu hukohuko, na nusu ya wafanyakazi wenzangu walipeleka simu zao kwake kwa sababu alikuwa hodari na mcheshi. Hawakujua ni mume wa nani. Tuliojua tulikuwa watatu: mkurugenzi, wakili na mimi. Mwanamke na binti yake walikuwa wamejificha mtaa wa Kagarama, nyumba yao ya tatu kwa mwaka ule, wakiandaa maombi ya kumfuata dada yake nje ya nchi. Fomu ilitaka anwani ya sasa, nami nikaiandika mpaka rangi ya geti.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha, dirisha la kupokea maombi lilikuwa linafungwa saa kumi alasiri. Saa nane kasoro programu ikagoma. Ikaandika kwamba imeshindwa kuthibitisha leseni, niunganishe mtandao, na kuanzia hapo nitasoma tu, sitaandika. Zilikuwa zimebaki aya mbili.

Nikasimama. Nikakaa. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Wakili akapiga simu, sikupokea. Akapiga tena.

Mtu mwenye akili angelitoa faili kwanza, akalipeleka chumba kingine, ndipo afungue mlango. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilijiambia: dakika moja tu. Nikakiunganisha chumba cheusi na mtandao, nikaandika nywila ya kabati la chai. Programu ikafufuka kwa furaha, nami nikamalizia zile aya mbili.

Nikaona alama ndogo ya kijani pembeni ya jina la faili. Kwanza niliipenda. Alama ya kijani ni kitu kizuri, sivyo? Ilinichukua muda kuelewa kwamba ilimaanisha faili limekwisha kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yetu, bila kuniuliza, kwa sababu ndivyo ilivyozoea kuwafanyia watu wengine wote.

Nilikata mtandao kana kwamba nazima moto. Nikakimbilia chumba chekundu, nikaingia kwenye ile hifadhi, nikalifuta. Lilikuwa limekaa huko dakika kumi na moja. Kabla ya kulifuta niliangalia kumbukumbu: limefunguliwa mara moja, kwenye kompyuta isiyo yangu. Aliyefungua: Ofisi.

Nilimtumia wakili kazi yake, akaiwasilisha kwa wakati. Kisha nikampigia mkurugenzi. Ni Mkenya, mtu mwema, mwenye sauti ya kutuliza watoto.

"Sasa wewe, unajisumbua bure," alisema. "Si sisi ni watu wa nyumba moja? Pengine mtu amefungua tu, akafunga. Mimi naona usimwambie huyo mama. Utamtia hofu, na yeye amechoka."

"Na kama aliyefungua ana simu pale Gitega?"

"Usimwambie," akarudia.

Usiku mzima sikulala, na kesho yake sikufanya kazi. Nilimchukia mkurugenzi, kisha nikajikuta natamani kumtii. Nilitembea kutoka jikoni hadi sebuleni nikiwahesabu wenzangu mmoja mmoja, nani ana simu iliyopasuka kioo, nani aliyesema juzi kwamba fundi wake anachekesha. Niliwatuhumu watu waliokuja kunizikia mama. Huo ndio uchafu nilioupata, na msiba wa kujitakia hauna kilio.

Mchana nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kagarama. Nilimkuta yule mwanamke uani, anafua sare ya shule ya binti yake. Aliponiona alikausha mikono kwenye kitenge.

"Dada, karibu. Iko nini? Leo haukupiga simu."

Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa maneno mepesi. Kwamba karatasi yake ilitoka kwenye mashine yangu kwa haraka yangu mwenyewe. Kwamba mtu mmoja wa ofisini ameifungua, na simjui ni nani. Kwamba huenda si kitu.

"Iko na nyumba ndani? Hii nyumba?"

"Imo. Mpaka geti."

"Na huyo mtu, anajua bwana yangu?"

"Sijui. Nusu yao wanamjua."

"Mbabarira," nikamwomba radhi. Nilitaka anitukane, ningepumua. Aliingia ndani, nikamsikia akivuta mfuko kutoka uvungu wa kitanda. Alirudi akaikamua ile sare, akaikunja ikiwa mbichi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mtoto alisha kuzoea hapa," alisema. "Iko na rafiki."

"Nikusaidie kubeba?"

"Hapana."

"Mtarara wapi leo?" nikauliza, kwa namna yake ya kutamka, kama nilivyozoea kuongea naye ili ajisikie nyumbani.

Akafungua mdomo. Niliona jibu limefika kabisa, jina la mtaa au la mtu, kwa sababu kwa miezi mitano mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa kila kitu. Kisha akanitazama, bila hasira, akafunga mfuko kwa fundo.

"Wewe, dada," alisema, "sasa heri usijue."