Trauti wa Kasenzi na Mguu wa Leonsi

Kijito cha Kasenzi huteremka kutoka milima ya Mbizi, na maji yake hukata vidole hata jua likiwa utosini. Humo mlikuwa na samaki ambaye Wafipa hawakurithishwa na babu zao. Bruda mmoja wa misheni, Mzungu mwembamba aliyesimamia karakana ya useremala, alimleta kabla ya Uhuru akiwa vifaranga ndani ya madebe, akammimina mtoni na kusema anaitwa trauti. Watu walicheka. Waliozoea migebuka ya Ziwa Tanganyika walimwona huyu samaki wa maringo: nyavu hazimfai kwa sababu ya mawe, mtego anaukwepa, na mdudu wa kawaida ndoanani anamtazama tu kisha anajiendea zake. Alitaka kubembelezwa.

Aliyefundishwa kumbembeleza alikuwa Eustaki, seremala kijana wa karakana ile. Jumamosi mchana, wakishaweka randa chini, Bruda alimchukua mtoni na fimbo yake ya mwanzi, nyembamba kama bua la ulezi. Alimwonyesha jinsi ya kufunga manyoya ya kanga kwenye ndoana mpaka yafanane na mdudu anayeelea. Alimfundisha kwamba trauti hukaa akitazama maji yanakotoka, kwa hiyo mvuvi humwendea kwa nyuma, ameinama, kivuli chake kikibaki ukingoni. Alimfundisha kurusha uzi bila pupa, kwa kiwiko na si kwa bega. Lakini kabla ya yote hayo, siku ya kwanza kabisa, alimshika kichwa kwa mikono miwili akamgeuzia mlimani.

"Mvua ikinyesha kule," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "hapa jua linawaka, na maji yanakuja bila hodi. Ukiona yanaleta vijani na povu, yanageuka rangi ya chai, wewe toka. Hata samaki akiwa ndoanani, toka."

Bruda alipougua na kurudishwa kwao, fimbo alimwachia Eustaki. Miaka ikapita. Eustaki akamwoa Adela, binti wa Kaengesa, akazaa, akaota mvi za mapema, na kwa watu wa pale akawa Bwana Trauti. Mgeni yeyote akitaka kumwona samaki wa baridi, alielekezwa kwake. Jina lile lilimkaa vizuri. Hakuwa na ng'ombe wengi wala sauti katika mikutano, lakini alikuwa na jambo moja ambalo mtu mwingine hakuwa nalo, na hilo lilimtosha.

Ilipokuja Operesheni ya kuhamia vijijini, watu wa vitongoji walikusanywa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari. Katika msukosuko ule, Leonsi, mdogo wake Adela, alipanda kutoka Kaengesa na mkewe Kristiana, akaomba kiwanja karibu na dada yake. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye nguvu, ambaye akilima matuta ya mviringo ya kufukia nyasi, kama walimavyo Wafipa, alimaliza shamba wengine wakiwa bado wananoa majembe. Jioni moja alimkuta Eustaki anafunga manyoya kwenye ndoana.

"Shemeji, huyo mdudu utamla wewe au samaki?"

"Kaa hapa, nikufundishe."

Basi akamfundisha. Alimchongea fimbo ya mwanzi, akamtafutia ndoana kwa Hamidi, mwenye duka pale Majengo, aliyeletewa bidhaa na malori kutoka ziwani. Alimwonyesha kutembea ameinama, kurusha kwa kiwiko, na kumchosha samaki kabla ya kumvuta. Habari ya mlimani hakumwambia. Wakati ule haikuwa hila. Walianza kiangazi, mbingu nyeupe, na Eustaki alijiambia kwamba mvua zikikaribia ataitaja.

Leonsi akalishika jambo lile kama aliyezaliwa nalo. Msimu haujaisha, alikuwa akirudi na trauti watano pale mwalimu wake anaporudi na wawili. Aliacha manyoya ya kanga akachukua ya kuku mwekundu wa dada yake, akayachanganya na uzi wa gunia, na samaki wakayagombania. Mwenyekiti wa kijiji alipopata wageni kutoka Namanyere, alimtuma mtu kwa Leonsi. Wageni walikula, wakasifu, wakauliza nani mvuvi.

"Huyu hapa," alisema Mwenyekiti, mkono wake begani kwa Leonsi. "Huyu ndiye Bwana Trauti wetu."

Eustaki alikuwa amesimama pale pale, ameshika birika la maji ya kunawa. Alicheka pamoja na wengine. Leonsi mwenyewe aliruka, akasema, "La, Ndugu Mwenyekiti, mwenye jina ni shemeji, mimi mwanafunzi tu," lakini Mwenyekiti alikwisha kugeukia nyama. Tangu hapo watoto njiani walimwamkia Eustaki "Shikamoo, Baba Seremala," na salamu ile ya heshima ilimchoma kuliko tusi.

Mvua za kwanza zilifika. Siku nyingi zilipita ambazo angeweza kusema, "Shemeji, kuna jambo la mlimani sijakwambia." Kila siku alijiambia kesho. Ukweli ni kwamba lilikuwa ndilo jambo la mwisho alilobaki nalo peke yake, na hakutaka kulitoa.

Siku yenyewe walikwenda wote wawili. Juu ya Mbizi wingu lilikuwa limekaa, zito, jeusi kwa chini. Huku mtoni jua liliunguza shingo. Leonsi alivuka mawe hadi katikati ya kijito, akasimama juu ya jiwe bapa lililoelekea kidimbwi kirefu. Ndani ya kidimbwi hicho aliishi trauti mkubwa ambaye Eustaki alimwinda kwa miaka, akamkosa mara zote. Leonsi alirusha uzi. Manyoya yalitua kama yameanguka kutoka mbinguni. Maji yakapasuka, fimbo ikapinda.

"Shemeji! Yupo! Ni yeye!"

Eustaki alikuwa ukingoni, amesimama. Alitazama miguuni pake akaona jani dogo linapita. Kisha lingine, kisha povu jembamba, na maji yaliyokuwa meupe kama kioo yakaanza kuwa na rangi. Alijua. Kinywa alikifungua. Hakikutoka kitu.

Hakumwombea kifo. Hilo alilirudia moyoni maisha yake yote, na lilikuwa kweli. Alichotaka ni kidogo: kijana ashtuke, alowe, samaki yule akatike aende zake, watu wasimwone akibebwa kijijini begani kwa Leonsi. Alitaka maji yamwonee wivu kwa niaba yake. Alinyamaza kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili tatu, na muda huo ulitosha.

Maji yalikuja na sauti ya lori. Yalimzoa Leonsi kutoka juu ya jiwe, fimbo bado mkononi. Ndipo Eustaki alipopiga ukelele, akajitupa. Alimkuta amebanwa chini kidogo, mguu umeingia baina ya mawe mawili na gogo limeukandamiza kwa juu. Hakujua alipata wapi nguvu za kulisukuma lile gogo. Alimtoa, akampakata kifuani, akambeba mgongoni mwinuko wote hadi kijijini, akilia kwa sauti, na waliokutana naye walidhani analia kwa uchungu wa ndugu.

Leonsi alilala hospitalini hadi mahindi yakakauka mashambani. Alirudi na gongo, mguu wa kulia umekakamaa, goti halikunjiki. Kwenye mkutano wa kijiji Mwenyekiti alimsimamisha Eustaki mbele ya watu.

"Huyu aliingia kwenye mafuriko kumwokoa mwenzake. Huu ndio undugu tunaouhubiri. Mpigieni makofi."

Wakapiga, wanawake wakapiga vigelegele. Kristiana, ambaye hakuwahi kujifungua mtoto akapona, safari ile alipata wa kiume, akampa jina la Eustaki. Mwenye jina alikwenda kumpakata mtoto, akamrudisha haraka kwa mama yake akisingizia kikohozi.

Alijaribu kulipa kwa jasho. Alilima shamba lake, kisha la Leonsi. Aliezeka nyumba yao, akachonga kiti chenye mahali pa kunyoshea mguu ule. Kila alichofanya kiliongeza sifa, na kila sifa ikamfanya afanye zaidi. Uvuvi aliuacha. Adela alimtazama kwa miezi, siku moja wakipukuchua mahindi akasema bila kuinua macho:

"Siku ile hata mimi niliona wingu, nikiwa hapa uani. Nikajisemea, Eustaki yuko naye, atamwambia."

Alingoja. Mumewe aliendelea kupukuchua. Adela hakuuliza tena.

Aliyemrudisha mtoni ni Leonsi mwenyewe. Vijana wa kijiji walitaka kujifunza trauti, na Leonsi alisema hawezi kuwafundisha peke yake. "Mimi nitakaa ukingoni niwaonyeshe kurusha. Shemeji, wewe uwaonyeshe kutembea." Eustaki alimpakia kwenye keria ya baiskeli, wakaenda.

Vijana walijipanga kando ya maji, wameshika fimbo zao. Eustaki alisimama mbele yao, na kabla hajafikiri, mikono yake ikamshika kijana wa kwanza kichwa, ikamgeuzia Mbizi. Akawaeleza yote: wingu, vijani, povu, rangi ya chai. Alieleza vizuri, kwa sauti iliyokuwa ikipanda, kama anayegombana na mtu.

"Shemeji," Leonsi aliita kutoka alipoketi. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Mimi mbona hukunifundisha hilo?"

"Nilisahau," alisema Eustaki.

"Aa." Leonsi alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Binadamu. Haya, vijana, njooni nyie muone kiwiko."

Jioni walirudi. Palipo na mwinuko Eustaki alishuka akawa anasukuma baiskeli, Leonsi yu nyuma ameshika tandiko, akiimbaimba. Wangefika nyumbani, wangekula, na jambo lingezikwa kwa neno lile moja, nilisahau, ambalo Leonsi alilipokea kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililomshinda Eustaki. Alisimama.

"Leonsi. Sikusahau."

Wimbo ulikatika.

"Na siku ile niliyaona maji yakibadilika. Niliyaona kabla hayajakufikia. Nikanyamaza, kwa sababu ya yule samaki. Na kwa sababu ya jina."

Hakugeuka kumtazama. Alisikia tu pumzi, kisha gongo likigusa ardhi, kisha mguu mzima, kisha ule mkavu ukiburutwa. Leonsi alimpita, akaendelea na njia kwa miguu. Eustaki alimfuata kwa nyuma na baiskeli tupu. Palipo na kokoto Leonsi aliyumba, na Eustaki aliponyosha mkono, aliambiwa, kwa sauti ya chini, "Usiniguse." Walikwenda hivyo hadi giza likawakuta karibu na nyumba za kwanza.

Eustaki alingoja kuitwa na Mwenyekiti. Alingoja wazee wa ukoo kutoka Kaengesa. Hakuna aliyekuja. Leonsi hakumwambia mtu, hata Kristiana. Kwenye misiba na harusi walisalimiana, "Habari za nyumbani, shemeji," "Njema, shemeji," na wasiojua hawakuona tofauti. Lakini kiti kile chenye mahali pa mguu kilirudishwa uani kwa Adela asubuhi moja, kimefutwa vumbi vizuri, na Leonsi alitafuta mtu mwingine wa kumpeleka mtoni. Aliendelea kufundisha. Vijana wake walisema kila siku alianza na mlima.

Watu hawakuacha kumsifu Eustaki. Mgeni akifika, huonyeshwa: yule mzee pale ndiye aliyemtoa shemeji yake kwenye mafuriko. Siku moja jambo hilo lilisemwa Leonsi akiwapo, mbele ya umati, na mgeni akamgeukia amthibitishie. Eustaki alishusha macho, akasubiri.

"Ndiyo," alisema Leonsi. "Alinitoa."

Kisha akaomba apewe gongo lake, akaondoka.