Kidude Kilichopumua Chumbani kwa Mwalimu

Nina kuku mmoja mwenye tabia ya kutaga chini ya dirisha la mpangaji wangu, mwalimu, na siku ile nilikuwa nimeinama pale namtafuta. Hapana, ngoja niseme kweli, maana naandika mwenyewe na hakuna aliyenishika mkono. Kuku alikuwa jikoni analalia mayai yake. Mimi nilikuwa nachungulia.

Pazia lilikuwa limeacha upenyo wa vidole viwili. Mwalimu yuko shuleni, mkewe kaenda kliniki. Sakafuni, karibu na ukuta wa upande wa jikoni kwangu, kulikuwa na kompyuta ndogo ya kukunja, imeachwa wazi, kioo kimegeukia ukutani. Ubavuni mwake umetoka waya mweusi, umeingia kwenye kidude. Kidude chenyewe kina pembe mbili za kushikia, kama usukani wa baiskeli uliofupishwa, na juu yake vinundu viwili mfano wa uyoga. Kina taa. Taa ya rangi ya chungwa, inavimba polepole, inanywea, inavimba tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Kesho yake nikachungulia tena. Kipo palepale, kinapumua. Keshokutwa, vilevile.

Sasa mtu wa mbali atauliza, mzee mzima unachungulia vyumba vya watu kwa nini? Huyo hajawahi kupangisha chumba Geita. Kabla ya mwalimu nilikuwa na mpangaji aliyesema anauza dagaa. Mtu mcheshi, viroba vinatoka, viroba vinaingia, kila asubuhi ananipigia goti. Kumbe dagaa ni wa juujuu tu, chini ni udongo. Alikuwa ameng'oa sakafu chini ya kitanda akachimba duara, shimo la kushukia kabisa, na kamba na ngazi ya miti, anafuata mwamba chini ya nyumba yangu. Aliyegundua ni mke wangu. Alisema, "Wewe mzee, huku ndani kunanuka kisima." Mimi niliyeshuka maduara tangu ujana, niliyetoka Kishapu nikiacha pamba ya baba shambani nikakimbilia rashi ya dhahabu huku, mimi sikunusa kitu. Yule bwana aliondoka na kiroba chake cha mwisho, na wiki iliyofuata chumba kile kikakaa chini, ukuta mzima, na bati zake. Nyumba yangu ilikuwa ya vyumba sita. Leo ni vitano, na kile cha mwalimu ndicho kinachopakana na lile pengo. Ndiyo maana nachungulia.

Na mwalimu mwenyewe alinitia shaka tangu mwanzo kwa sababu hakuwa na kosa. Ametoka Tanga, anafundisha hesabu, Kiswahili chake laini kama anakupaka mafuta. Halewi. Hagombani. Akinikuta nje ananiamkia hadi anasimamisha baiskeli. Huku kwetu mtu akikusalimia vizuri hivyo mara tatu kwa siku, ujue kuna kitu. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, na kliniki walimwambia asifanye kazi nzito, alale, apumzike.

Nikampelekea habari hiyo ya kidude rafiki yangu wa zamani, ambaye siku hizi anatengeneza baiskeli karibu na soko, lakini zamani alibeba mashine ya kupimia dhahabu ya tajiri mmoja, ile ya kama fagio, inayolia ikipita juu ya madini. Akaniuliza taa ni ya rangi gani. Nikamwambia. Akaacha spana.

"Waya unaingia kwenye kompyuta?"

"Unaingia."

"Na kimewekwa chini, sakafuni, siyo mezani?"

"Sakafuni."

"Basi umekwisha, mzee mwenzangu. Hizi za sasa hazipigi kelele. Zinasoma ardhi kimyakimya, siku nzima, kompyuta inachora. Wewe unadhani anafundisha hesabu, kumbe hesabu anaipiga chini ya kitanda chako!"

Akacheka mpaka akakohoa. Fundi mwenzake naye akadakia, "Mzee, ukirudi nyumbani ingia kwa kunyata, usije ukatumbukia."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia mke wangu habari ya kidude, na kwamba mwalimu atatoka, nampa mpaka mwisho wa mwezi. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso.

"Na yule binti na tumbo lile? Ataenda kuzalia wapi, stendi?"

"Watapata chumba."

"Mwezi huu? Vyumba vyote vimejaa wachimbaji. Hapa hana mama wala dada. Akishikwa na uchungu ataita nani? Wewe?"

Nikasema kwanza nitahakikisha kwa mkono wangu, tena kabla ya Jumapili.

Ijumaa mke wa mwalimu alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anaanika soksi. Nikamwambia naomba niangalie dari, nahisi mchwa. "Ingia tu, baba," akasema, bila hata kugeuka. Aliniamini kiasi kile, na mimi nikaona ndiyo mbinu yao.

Dari sikuitazama. Nilipiga magoti, nikachomoa waya, nikashika kile kidude kwa mikono yote miwili, vidole vikakaa vyenyewe kwenye visehemu vya kubonyea nyuma, kama kimepimwa kwa ajili yangu. Sikubonyeza kwa akili, nilibana kwa woga. Nikakisogeza ukutani. Kikatetemeka.

Nasema kilitetemeka! Brrr, mpaka kwenye viwiko. Nikakiachia kidogo, kikanyamaza. Nikaenda nacho mlangoni nimekishika kwa ncha za vidole kama yai bovu, kimya. Nikarudi ukutani, nikakibana tena, brrr.

Jambo la aibu linaanzia hapo, na ningeweza kuliruka. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa mtu asije akachimba chini ya nyumba yangu. Kilipotetemeka mara ya pili, woga uliisha, na nilichobaki nacho kilikuwa kile kitu kilichonitoa Kishapu ujanani. Magoti yangu mabovu sikuyasikia. Nikaokota kipande cha mkaa kwenye jiko lao, nikachora msalaba mdogo sakafuni pale kilipotetemekea. Kidude nikakirudishia waya, taa ikaanza kuvimba na kunywea. Nikatoka nikisema dari ni nzima.

Rafiki yangu wa baiskeli sikumwambia. Mke wangu sikumwambia. Usingizini nilikuwa nahesabu hatua kutoka jikoni hadi pale. Sasa nilitaka mwalimu atoke si kwa sababu ni mwizi, ila kwa sababu alikuwa amelala juu ya dhahabu yangu. Nyumba? Nyumba ningejenga nyingine. Nawaambia, niliyemlaani muuza dagaa miaka yote ile, sikuona kwamba nimevaa shati lake.

Jumamosi mchana nilimwita mwalimu uani. Mkewe akaja nyuma yake, taratibu, anashika ukuta.

"Mwalimu, nitakihitaji chumba. Mwisho wa mwezi. Mwanangu anarudi."

Mwalimu alivua miwani akaifuta na shati. "Mzee, kama kuna mahali tumekosea, tuambie. Hali ya huyu unaiona. Nipe hata miezi mitatu, ajifungue kwanza."

"Mwanangu hawezi kusubiri."

"Mwanao yupi?" Sauti ya mke wangu ilitoka jikoni kabla yeye mwenyewe hajatoka, mwiko mkononi. "Wa Mwanza aliyejenga, au huyu wa Kahama mwenye nyumba mbili? Mtaje nimpikie! Mwalimu, ng'wanawane, mwanangu, usimsikilize. Anaogopa kidude chako. Mzee, muulize mtoto wa watu umalize!"

Nikabanwa. Nikauliza, kwa ukali ili nisionekane mjinga, hicho kidude kinasoma nini chini ya nyumba yangu.

Mwalimu akamtazama mkewe. Mkewe akakunja uso, kisha akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika.

"Baba, hicho ni changu," akasema. "Ni pedi. Ya gemu. Nimeambiwa nilale kutwa nzima, nifanye nini? Nashindana magari."

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na kompyuta, akaiweka juu ya kinu, kidude akanipa mikononi bila waya wowote. Kwenye kioo kulikuwa na gari jekundu na barabara. "Bana vidole vya nyuma, mzee." Nikabana. Gari likaruka kama limepigwa fimbo, likaenda kujibamiza ukutani. Brrr, mpaka viwikoni. Tulikuwa katikati ya uani, mita nyingi kutoka kwenye msalaba wangu.

"Gari likigonga, pedi inatetemeka," akasema mwalimu kwa upole wake uleule. "Usipobana, gari halitembei, basi pedi haitetemeki."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini na mwiko wake. Mimi nilibaki na swali moja na nililing'ang'ania, maana ndilo lililonibakizia heshima.

"Na kwa nini mnakilaza sakafuni na kompyuta, siku nzima? Si mngekichaji ukutani kama simu?"

Mwalimu akasita. Nikaona anatafuta namna ya kusema bila kuniumiza, na mkewe akamkatiza.

"Kwa sababu soketi ni moja, baba, na iko chini karibu na sakafu. Kompyuta ikichomekwa, imejaa. Pedi inakula umeme kupitia kompyuta, polepole, tena kompyuta tukiifunika, umeme unakata. Ndiyo maana tunaiacha wazi."

Soketi moja kila chumba. Nilimwambia fundi hivyo mwenyewe, wakati wa kuvuta umeme, nisije nikapangisha watu wenye majiko ya umeme wakanimalizia uniti.

Nikasema, haya, mwanangu haji tena. Nilitegemea watashukuru. Mwalimu alivaa miwani yake, akakunja kompyuta. "Wabeja, mzee," akasema, neno letu la asante alilojifunza sokoni, "lakini tutazungumza kwanza, mimi na mwenzangu."

Siku tatu sikupata jibu. Salamu ziliendelea, ila baiskeli haikusimama tena. Siku ya pili nilimwona amepiga magoti chumbani, mlango wazi, anasugua sakafu kwa brashi pale nilipochora, na hakuniuliza kitu. Hilo lilinichoma kuliko kama angeuliza. Mke wangu alikuwa ananiwekea chakula na kwenda kukila chake kwa yule binti.

Siku ya nne mke wa mwalimu alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kizingiti chetu akihema.

"Baba, tumeamua tubaki, kwa ajili ya mama huyu hapa. Lakini mambo mawili. Ukitaka kuingia kwetu, piga hodi mume wangu akiwepo. Na tuongezewe soketi, juu, mbali na sakafu."

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza.

Nikasema nimesikia.

Fundi alikuja Jumatatu. Mwalimu akanikaribisha kwa hodi niliyoipiga barabara, nikasimama ndani tangu fundi alipoanza kutoboa ukuta ule wa upande wa jikoni mpaka alipomaliza. Niliwaambia nataka kuhakikisha waya unapita vizuri. Fundi alipogeuka kuchukua bisibisi, nikainama nikachota kile kilichodondoka, nikakifungua kiganjani karibu na mwanga wa dirisha.

Lilikuwa vumbi la matofali ya kuchoma, jekundu tu, bila hata punje moja inayong'aa. Nilipoinua uso, mke wa mwalimu alikuwa ananitazama kutoka kitandani, pedi mikononi, na gari lake limesimama katikati ya barabara.