Mwaka Mamie Alipochagua Kushona

Nikisikia cherehani ikikimbia katika nyumba ya watu, ile sauti ya sindano inayopiga haraka kisha kusita kwenye pindo, namkumbuka Mamie wa mtaa wa Kikula, na roho inaniuma.

Tulisoma pamoja tangu shule ya msingi. Mimi nilikaa mtaa wa Panda, katika nyumba za kambi, maana baba alifanya kazi kiwandani. Mamie alikuwa mtoto wa kwanza kwao, na baada ya masomo alimsaidia mama yake kuuza kapenta, wale dagaa wakavu, sokoni. Huko ndiko nilikoiona akili yake. Jumapili moja aliihamisha meza yao kutoka kivulini hadi kando ya njia ya watu waliotoka kanisani, akaweka nyanya nyekundu juu ya kila fungu la kapenta. Mama yake alimkaripia kwa kuchezea nyanya. Kabla jua halijawa kali meza ilikuwa tupu, imebaki harufu ya samaki tu, na mama yule anacheka huku ameshika kiuno.

Kwa hiyo, wakati wa kuchagua option, yaani mkondo wa masomo ya sekondari, ulipofika, hatukuwa na mjadala. Mkuu wa shule alipita darasani kutueleza: pedagogia kwa wanaotaka ualimu, biokemia kwa wenye ndoto za hospitali, komersiale kwa watu wa biashara na hesabu za kampuni, ushonaji kwa wasichana wenye mkono mwepesi. Aliposema komersiale, Mamie alinipiga kiwiko. Tungefungua duka letu, yeye awe mkurugenzi. Mimi ningekuwa nani, hatukuwahi kupanga. Nilitaka tu kuwa karibu naye.

Likizo ile mama yake alijifungua mapacha, akabaki mgonjwa. Shule ya komersiale ilikuwa mbali, mjini, na wanafunzi wake walirudi jioni. Ya ushonaji ilikuwa nyuma ya kwao, na mchana walikuwa wameshatoka. Haya yote niliyajua. Mapacha wenyewe niliwabeba kwa mikono yangu. Lakini mtoto anaweza kujua kila kitu na asiunganishe chochote.

Nilimkuta uani akifua nepi, nikamuuliza tutaenda lini kujiandikisha.

"Minye nitaenda kushona," alisema bila kuinua kichwa. "Ile mambo ya komersiale itaniumiza kichwa. Minye napenda nguo, weye haujue?"

Kisha akacheka, akanirushia povu la sabuni usoni. Kwa sababu ya kicheko kile nilimwamini. Nilienda mjini peke yangu, nimenuna, nikiona kwamba ameniacha.

Nilisoma, nikamaliza, na leo ninafundisha komersiale. Mamie aliolewa Kambove, tukapoteana, hadi mwaka huu alipokuja shuleni kwetu kumwandikisha binti yake, Grâce, asome komersiale.

"Hutaki ushonaji?" nilimtania mtoto. "Mama yako alikuwa anaupenda sana."

Grâce alinishangaa. "Mama? Eh, madame! Mama hakupendaka kushona hata siku moja."

Mamie alimkata jicho binti yake, kisha akanitazama mimi. "Kama nililiaka siku ile, weye haungeenda. Nilikujua."

Alikuwa amesema kweli. Ningebaki naye uani pale, nikisuuza nepi. Nyumbani walikuwa wakinisifu kwa ujasiri wa kwenda mjini peke yangu, na mimi nilizipokea sifa zile kama zangu.

Nilimwonyesha darasa langu, nikamkaribisha aketi kidogo. Alisimama mlangoni, akasoma yaliyoandikwa ubaoni polepole, midomo ikicheza.

"Hapana, ndugu yangu," alisema. "Manguo ya batu iko inaningojea kwa cherehani."

Grâce anasoma vizuri, ana akili. Nampenda. Lakini ninapogeuka kutoka ubaoni, ninayemtafuta kwenye dawati la mbele ni Mamie wa umri ule, na yule hatakuja tena kuandikishwa na mtu yeyote.