Paka Sita, Sanduku Moja la Mchanga

Msicheke kabla sijamaliza. Najua mtacheka, na mimi mwenyewe huwa nacheka mpaka nafika mahali fulani katika kisa hiki ambapo kicheko kinanikauka mdomoni, lakini hapo bado. Mimi ndiye yule msichana wa Mahajanga aliyewakunjulia wakwe zake kinyesi cha paka sebuleni, mchana kweupe, amevaa gauni jipya na nywele kasukwa. Ndiyo, mimi huyu huyu mnayemwona leo anawakemea wenzake kuhusu usafi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nina miaka kumi na tisa, naishi na Koko mtaa wa Tsaramandroso. (Koko ndivyo sisi wenye asili ya Ngazidja tunavyomwita bibi, na nyumbani tulikuwa tukichanganya Kingazidja na Kimalagasi humo humo katika sentensi moja, kwa hiyo maneno ya watu nawatafsiria.) Wazazi wangu walikuwa wamerudi Ngazidja kwa meli mwaka ule wa fujo, watu wa asili yetu walipokuwa wakiuawa mjini, pamoja na nusu ya majirani zetu, na mimi nikabaki kwa sababu Koko aligoma kabisa kupanda meli na lazima mtu abaki naye. Watu waliondoka na mabunda, na watoto, na Misahafu vifuani, lakini paka hawakupanda meli. Walibaki wakilia kwenye vizingiti vya nyumba zilizofungwa, na Koko akawa anapita na vichwa vya samaki kwenye kikapu anawaokota mmoja mmoja, mpaka wakafika sita, na kila mmoja akampa jina la mwenyewe aliyeondoka. Fundi alikuwa paka wa fundi cherehani, Mwalimu alikuwa wa mwalimu wa chuo cha Kurani, Mkate, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa wa mama aliyekuwa akichoma mikate kona ya pili, na wengine watatu hivyo hivyo. Asubuhi ungemsikia Koko ungedhani mtaa bado umejaa: "Mwalimu, shuka mezani! Fundi, mwache mwenzako ale!" Jamani, naikumbuka sauti ile mpaka leo.

Sasa paka sita wana choo chao. Koko hakutaka hata mmoja atoke kwenda kuchafua ua wa mtu, alikuwa akisema mtaa huu umeshaona uchafu mdogo uani ukiwaponza watu, maana hata fujo zile zilianzia kwenye kinyesi cha mtoto uani mwa jirani, kwa hiyo nyuma ya mlango wa uani palikuwa na sanduku la mbao, lile la kutilia sabuni za mche, limejazwa mchanga wa baharini. Moja tu. Paka sita, sanduku moja! Fundi, dume lenye kichwa kama ngumi, alikuwa analala mbele yake na kuamua nani aingie na nani angoje. Sheria ya Koko ilikuwa nyepesi: uchafu unatolewa asubuhi na jioni, na mchanga wote unabadilishwa kila wiki, sanduku linasuguliwa kwa majivu na kuanikwa juani. Kazi hiyo alikuwa anaifanya mwenyewe, mpaka goti lilipomvimba, akanikabidhi mimi, wiki ile ile (angalieni mambo ya Mungu) ambayo mama yake Saidi alikuwa anakuja kutoka Nosy Be kuniona.

Saidi alikuwa seremala wa Hell-Ville, mji wa huko kisiwani Nosy Be. Alikuja Mahajanga kununua mbao, akaninunulia na mimi karanga, basi, nikawa sina usingizi wala hamu ya kula, nampenda mpaka naona haya kulitaja jina lake mbele ya watu. Mama yake, Bi Sakina, alikuwa mchuma maua ya langilangi, anaamka alfajiri na mapema kila siku kabla jua halijayachoma maua, na kabla ya safari alinitumia kichupa cha mafuta ya langilangi, kidogo hivi, urefu wa kidole. Ilikuwa desturi ya kwao: mama mkwe anatuma mafuta, na siku anapokuja msichana ajipake, amkumbatie, ayasikie mafuta yake shingoni mwa binti. Akiyasikia, basi binti ameshakuwa wa nyumba.

Jumatatu mchanga ulikuwa umeoza na ilibidi niende ufukweni na ndoo. Lakini nimeshasukwa, nimejipaka msindano uso mzima (ule msandali wa kusaga unaong'arisha ngozi), na jua la Mahajanga mnalijua. Nikajiambia, wageni wanafika Alhamisi, nitabadilisha mchanga Jumatano, kwa leo nitie matone mawili matatu ya langilangi, harufu ifunikwe. Matone matatu, wallahi! Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mwalimu alikuja, akanusa, akarudisha kichwa nyuma, akanitazama kama naye amesoma chuoni na mimi nimekosea aya, akaondoka. Hata Fundi alihama mlangoni. Jioni nikachungulia, sanduku safi. Kesho yake, safi. Na mimi mjinga nikafurahi! Nikamwambia Koko, "Siku mbili sanduku halina kitu, mkono wangu una baraka."

Koko alikuwa anakanda goti lake. Akaniuliza, "Paka sita, siku mbili, hakuna kitu? Kwani wamefunga saumu?"

Nikacheka. Ningemsikiliza siku ile ningekuwa mtu mwingine. Kwa sababu nyumba ilianza kunuka, si uani, ndani, harufu ile kali ya mkojo wa paka inayopanda mpaka machoni, nami nikaamini bado inatoka sandukuni, kwa hiyo nikaenda nikaongeza mafuta. Nyumba ikazidi. Nikaongeza tena. Jumatano wala ufukweni sikwenda, kwani si sanduku ni safi, nibadilishe mchanga wa nini? Alhamisi asubuhi kichupa kilikuwa kitupu, nikakitia mafuta ya nazi kisionekane kitupu, nikapitisha kizibo shingoni mara saba, nikasoma Bismillahi.

Mtaniuliza paka walikuwa wanakwenda wapi. Ngojeni.

Koko alikuwa na mkeka wa wageni, mkubwa, wa ukindu wa rangi, aliotoka nao kwao alipokuja kuolewa. Haukukunjwa kwa kubanwa kwa sababu ukingo wake ulikuwa umezeeka na ungekatika, uliviringishwa kwa kulegea, ukalazwa chini kando ya ukuta. Na Koko alikuwa na mwiko wake: mkeka ule haukunjuliwi mpaka mgeni awe ameshasimama ndani, aone kwa macho yake kuwa unakunjuliwa kwa ajili yake. Ukikunjua kabla, ni kama mgeni amekuta mkeka uliotandikiwa mwingine. Kwa hiyo kwa miezi mtu haugusi, na kwa paka ule ni nini? Ni pango, lina kiza, limetulia, na halinuki maua.

Wakaja, Bi Sakina na wifi yake aliyeitwa Ma Fatu, wamevaa saluva mpya, zile nguo zetu za kujifunga mpaka miguuni, wameteremka kwenye pusipusi, kigari cha kuvutwa na mtu, mbele ya mlango na mtaa mzima unatazama. "Mbolatsara!" "Mbolatsara, karibuni, karibuni!" Viatu vikavuliwa. Bi Sakina akanikumbatia, akaweka pua shingoni mwangu, akakaa hapo kidogo. Akanusa tena upande wa pili.

"Ajabu," akasema, "langilangi yangu naisikia nyumba nzima, ila kwako siisikii."

Kabla sijapata uwongo, Koko akaniita kwa furaha zake zote, "Haya mwanangu, mkeka!" Nikashika ncha moja, Ma Fatu kwa heshima akashika ya pili, tukavuta.

Vile vikavu vilitangulia, vikaviringika mpaka miguuni mwa Bi Sakina kama kokwa za tende. Vibichi vilibaki vimenata kwenye ukindu. Harufu ndiyo siisemi. Tukaendelea kuvuta, sijui kwa nini tuliendelea, nadhani mikono ilikuwa haijapata habari, na mzunguko wa mwisho ulipofunguka akatoka Mkate mwenyewe, mkia juu, tumemkatiza katikati ya haja yake, akatutazama wote wanne kwa hasira, akafukua fukua ukindu kidogo kwa adabu, akaenda zake. Ma Fatu akaachia mkeka, akapandisha saluva magotini, akasema, "Ya Rabi, tumekanyaga!" Na kweli alikuwa amekanyaga, bila viatu.

Nikakimbilia ufagio uani, na Bi Sakina akanifuata, lakini hakunifuata mimi, alifuata pua yake. Akafika kwenye sanduku. Akainama, mama wa watu, akachota mchanga kwa vidole viwili akanusa, na uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Aliumia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Haya ni mafuta yangu," akasema. "Nani ameyamwaga humu?"

Hapo kicheko changu ndipo kinapokomea. Nilijua nikisema ni mimi, Saidi ndiyo basi, kwa sababu mama gani ampeleke kwake msichana aliyeyatia mafuta yake kwenye choo cha paka? Na Koko akaja anachechemea ameshika ukuta, akatutazama, mimi, sanduku, mchanga kwenye vidole vya mgeni, nikaona ameshaelewa yote.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani ni maji. Siku hizi nasahau, mwanangu, nachanganya vitu. Mtoto huyu anahangaika na mimi, hasemi tu."

Koko, ambaye alikuwa anakumbuka tarehe ya ndoa ya kila mtu mtaani na nani alipika nini! Nami nikanyamaza. Nikainama nikafagia.

Bi Sakina akapangusa vidole, akamshika mkono, akasema "Pole, mama," na tangu dakika ile akawa anazungumza naye polepole kwa sauti ya juu, kama unavyozungumza na mtoto, na Koko anaitikia hivyo hivyo, kipole. Walikaa vitini, wakanywa chai, Fatiha ikasomwa, nikachumbiwa. Ma Fatu hata alinisifu kwa uvumilivu.

Walipoondoka nilimlilia Koko magotini nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Aibu kwangu ni ya siku mbili tatu, wewe ingekukalia miaka arobaini. Kalete mchanga."

Lakini haikuwa siku mbili tatu. Habari haina miguu ila inafika. Mjomba Abdu, mwanawe Koko aliyekuwa akiishi Belobaka, akasikia kwamba mama yake amechanganyikiwa, akaja na gari ya mizigo mwezi mmoja kabla ya harusi yangu, akasema mzee hawezi kuachwa peke yake na moto na mafuta ya taa, na kwake paka hawaji, ana kuku. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningesema neno moja tu. Paka wakagawanywa, wengine wakapotea tu, Fundi akapewa mwenye duka, na Koko akapanda gari huku anawaita kwa majina, Mwalimu, Mkate, ungedhani anawaaga watu. Majirani zake walimwondokea mara ya pili, na mara hii aliyewaondoa ni mimi.

Nikaenda Nosy Be nikaishi vizuri, siwezi kudanganya. Mume mwema, mkwe mwema. Ila kila mara Bi Sakina akiniuliza, "Koko wako, maskini, bado anakumbuka watu?" mimi nilijibu, "Alhamdulillahi, anakumbuka," nikageukia masufuria. Saidi mwenyewe sikumwambia.

Koko alipofariki tulisafiri wote mpaka Belobaka kwa matanga. Wanawake tumekaa, tumemaliza Yasini, na Bi Sakina, kwa mapenzi tu, akaanza kuwasimulia wenzake, "Mungu amrehemu, akili zilimtoka mapema, siku ile alimwagia mchanga wa paka mafuta yangu." Wanawake wakaguna kwa huruma, wengine wakatabasamu. Na mimi nikasikia naongea.

"Hakumwaga yeye," nikasema. "Nilimwaga mimi. Nilikuwa mvivu wa kwenda kuchota mchanga. Alisema ni yeye ili unipose kwa ajili ya mwanao."

Mjomba Abdu, aliyekuwa mlangoni, akakaa chini. Nilingojea nitukanwe, nilitamani nitukanwe. Bi Sakina alivuta uradi wake mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Basi alikuwa na akili kutuzidi sote humu ndani, na sisi tulimnyang'anya paka wake." Akavuta leso usoni akalia, na ile "sisi" yake ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu hakuwa na kosa hata chembe.

Siku hizi nina paka wanne na masanduku matano, na mchanga nauchota mwenyewe, hata niwe nimesukwa, hata niwe nimepaka hina. Manukato sitii. Na wakweze binti yangu walipokuja kuposa, na paka mmoja ameshaharibu godoro la wageni kwa sababu nilisahau kusafisha sanduku, nilisimama mlangoni kabla hawajavua viatu nikawaambia: kunanuka, na kosa ni langu. Walishtuka, watu wa watu. Lakini nimeapa, kinachonuka nyumbani kwangu nitakisema mwenyewe, kabla hajatokea anayenipenda akasema ni chake.