Alama Aliyoificha Mtangazaji

Kwenye soko hili la Kisangani, sauti ya mtangazaji hufika kabla yake. Hugonga kipaza sauti kwa kucha, hukohoa kama aliyemeza mwiba wa samaki, kisha hutangaza kilichookotwa: funguo, simu, hata mbuzi. Lakini hasemi yote. Alama moja huificha mpaka mwenye mali aje kuitaja; ukikosea, hata ulie vipi, hakupi. Delphine, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, alizoea kuucheka ugumu huo. Leo alitupa kisu na kukimbia, maana sauti ilisema: "Mutoto mwanamuke, robe ya jaune, iko hapa kwangu!" Gauni la njano? Ni Chance, bintiye! Alimkuta amelala fofofo begani kwa mtangazaji, ambaye alisimama kimshazari, kichwa kimeinama upande.

"Bon, mama. Alama gani sikutaja?"

"Papa, ni mutoto yangu!"

"Alama, mama."

Kovu? Hereni? Akili yote ilikuwa imeruka. "Mie najua tu… akilalaka, anashikaka sikio ya mutu. Nguvu!"

Mtangazaji akageuka polepole. Upande wa pili, vidole vidogo vilikuwa vimelibana sikio lake mpaka limeiva.

"Amepatikana!" alinguruma, kipaza sauti amekisahau kabisa. Kama ilivyo desturi, soko zima likagonga mifuniko ya sufuria, vigelegele juu. Chance, bila kufumbua macho, akahamia kwenye sikio la mama yake. Mtangazaji alibaki pale katikati ya makelele, mikono mitupu, kichwa bado amekiinamisha upande uleule.