Siku Nilipompima Joto Paka wa Bi Zena

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata ile niliyokabidhiwa diploma yangu ya mifugo. Na diploma ile haikuwa kitu kidogo. Katika miaka hiyo ya hamsini, vijana Waafrika wa Nakuru waliokuwa na karatasi kama ile ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi nilikuwa kidole gumba. Baba yangu alitoka magharibi kuja kubeba mizigo ya reli, na hakujua kusoma hata jina lake. Mimi nilibeba magunia ya pareto mpaka nikapata nauli, nikaenda kusoma Uganda, nikarudi nimevaa tai. Sikushikwa mkono na mtu. Ukisikia najisifu, nivumilie. Jogoo aliyepanda paa kwa miguu yake ana haki ya kuwika.

Siku ninayoisema nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji mtaani Bondeni, hukohuko Nakuru, mkono mmoja nimeshika kipimajoto, mkono wa pili nimeshika paka. Baba amesimama mlangoni, kofia kifuani, ananitazama. Lakini nisikimbilie huko. Mwenda pole hajikwai.

Niliporudi na diploma yangu nilipanga chumba kwa Bi Zena, mjane ambaye wazee wake walitoka pwani zamani. Alishona kofia za viua, zile nyeupe za kuvaa msikitini, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata watu walimwagiza kutoka Naivasha. Mume alikwisha kufa, mwanawe wa pekee, Salim, alikuwa na kazi ya barabara huko Mai Mahiu. Aliyebaki naye nyumbani ni paka mmoja dume, mweusi, mwenye miguu minne myeupe kama soksi. Jina lake Karani, kwa sababu alikuwa akikaa kando ya kikapu cha nyuzi akikutazama kana kwamba umekuja kuomba kibali na hujaleta karatasi zote.

Sasa, mwanangu, kwetu tulikotoka paka ni mfanyakazi. Anakamata panya ghalani, na akiingia ndani anafukuzwa kwa ufagio. Kwa Bi Zena paka alipita kila chumba, hata juu ya mkeka wa kuswalia, kwani katika mafundisho yao paka ni msafi. Mimi nilikuwa na mbwa, Sajenti, na Bi Zena aliniambia siku ya kwanza, "Mbwa wako simkatai, mwanangu, ila mwisho wake kizingiti." Nililiona jambo hilo kuwa dhuluma. Mbwa wangu mwaminifu alale uani, na yule asiyeitika hata akiitwa alale ndani!

Basi kila alasiri tukikaa barazani tulibishana. Mimi nikisema, "Bi Zena, huyu anapenda samaki wako, hakupendi wewe." Yeye akicheka, sindano haisimami. Wekesa, aliyekuwa akitengeneza baiskeli chini ya paa letu, alichoka kutusikiliza. Akasema, "Daktari wa ng'ombe, si ulisoma? Tuonyeshe kwa macho, maneno tumeshiba."

Jumapili moja nikapanga jaribio, jinsi tulivyofundishwa chuoni. Mimi na Bi Zena tulisimama upande mmoja wa ua, mikono mitupu. Upande wa pili alisimama Wekesa na sahani ya matumbo yaliyochemshwa. Wanyama waliwekwa katikati. Atakayemwendea mwenyewe na kuyaacha matumbo, huyo ndiye mwenye mapenzi.

Nikapiga mluzi. Sajenti akanijia mbio, ulimi nje, nikaanza kutabasamu. Alipokaribia kunigusa goti, upepo ukageuka. Akasimama, akanusa, akanitazama kama mtu anayeomba radhi, kisha akageuka na kwenda kula matumbo mkononi mwa Wekesa. Karani yeye aliketi palepale katikati, akajiramba paja bila haraka, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake kulala kwenye kivuli cha mtungi.

"Andika, Daktari," Wekesa akasema. "Mbwa amefeli. Paka amekataa kufanya mtihani."

Bi Zena alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, na hakuwa na mzaha, "Hakuja kwangu, hakwenda kwa matumbo. Sasa huyu hasa anataka nini?"

Swali hilo, mwanangu, lilikuwa zuri kuliko jaribio langu lote. Mimi sikulijua jibu. Chuoni tulifundishwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Paka alikuwa na ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo ulihusu upele. Lakini ulimi wangu siku hizo ulikuwa umevaa tai kama mwenyewe. Nikasema, "Anataka nyumba. Mbwa hushikamana na mtu, paka hushikamana na ukuta." Niliyasema vizuri, hata Wekesa akaitikia kwa kichwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi ukijikwaa mbele ya watu wanaokuheshimu, hakuna anayeona damu.

Haukupita muda, mke wa Salim akajifungua pacha, na Bi Zena akaitwa Mai Mahiu akae nao, awalee wajukuu. Asubuhi ya safari alinijia mlangoni. Mimi nilikuwa nafunga viatu, kwani gari la kazi lilikuwa linaningoja twende Njoro kuchanja ng'ombe wa gredi, wale wa mbegu ya kizungu.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Nimchukue Karani au nimwache? Kule malori hayakatiki. Lakini nikimwacha, hatanitafuta?"

"Mwache, Bi Zena. Huyu ni wa nyumba. Kwa siku mbili tatu atakuwa amekusahau."

"Atanisahau?"

"Ndivyo walivyo. Ni sayansi."

Akamtazama yule paka kwa muda mrefu. Hakubishana. Barazani alikuwa akinibishia kila siku, ila siku hiyo alikuja kwa diploma yangu, na diploma ilikuwa imenena. Akanipa kibakuli cha Karani, akaniachia na kanga yake moja kuukuu ya kumtandikia, akaondoka.

Karani alikaa mbele ya mlango wa chumba cha Bi Zena, uliokuwa umefungwa. Siku ya kwanza nilimpa maziwa, akayanusa, akarudi mlangoni. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikatoa daftari, kwani nikiri, jambo lenyewe lilinivuta. Nikaona kwamba kila asubuhi, saa ile Bi Zena alipozoea kurudi bombani na ndoo, Karani aliondoka pale mlangoni, akaenda kuketi penye lango la ua, akangoja, kisha akarudi. Miezi yote niliyokaa nyumba ile sikuwahi kuona kwamba alikuwa akimpokea mama yule kila siku. Hakuwa akiruka wala kupiga kelele; alikuwa akienda tu, anakaa, anarudi naye. Nilikuwa nimetafuta mkia unaotikisika, na pasipokuwa na mkia nikaandika kwamba hakuna kitu.

Siku ya nne panya alipita mbele ya masharubu yake. Hakumtazama. Nilimpa nyama, nikamtandikia koti langu, nikamwita kwa jina na kwa sauti ya Bi Zena, jambo ambalo Wekesa alilisimulia mtaani kwa wiki nzima. Siku ya sita mifupa ya nyonga ilikuwa inaonekana, na nikajua kwamba akiendelea hivyo atakufa mikononi mwangu, na mimi ndiye nitakayempelekea mjane habari hiyo.

Ndipo nilipotoa kipimajoto. Na ndipo Baba alipofika, siku yake ya mapumziko, kutoka kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli.

"Mnyama ana nini?" akauliza.

"Hana ugonjwa, Baba. Hajala tangu Bi Zena aondoke. Macho safi, tumbo safi. Joto nimelipima, liko sawa."

"Umelipima wapi?"

Nikamwonyesha. Unajua mnyama hupimwa wapi.

Baba akacheka, akashika mwimo wa mlango. "Na hapo ndipo anapokumbukia?"

Nikakifuta kipimajoto. Akaingia, akachutama kando yangu, na cheko likamtoka usoni. "Nilipotoka nyumbani kuja reli, mama yako hakulia. Watu walisema yule mwanamke hajali. Niliporudi mwaka wa pili nilikuta kigoda changu kiko palepale. Hakukikalia, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikalia. Hakuniambia. Niliona mwenyewe kwa vumbi." Akamgusa Karani kichwani kwa kidole kimoja. "Nani alimwambia mwenyewe amwache huyu?"

"Mimi. Nilisema atamsahau."

"Ulisoma kitabu gani?"

Ningeweza kumtajia kitabu chochote, mwanangu. Baba asingejua. Lakini macho yake yalikuwa karibu mno. "Hakuna kitabu," nikasema.

"Basi umemdanganya mjane kwa sauti ya kitabu." Hakupaza sauti. Akasimama, akavaa kofia yake. "Mpeleke."

Asubuhi yake niliomba ruhusa kazini. Wekesa akaleta gunia, akasema paka husafirishwa guniani ili asijue njia ya kurudi. Baba akalikataa. "Gunia ni la paka anayetupwa. Huyu anapelekwa kwake. Kikapu, na uso wake uone njia."

Nikapata lori la mahindi. Karani, aliyekuwa hana nguvu ya kusimama, alipata nguvu ya kulia kutoka Gilgil mpaka ng'ambo ya Naivasha, na dereva akaniuliza, "Bwana wa tai, huyo mtoto umemwiba kwa nani?" Nilikuwa nimevaa tai ili nikikutana na Bi Zena nionekane mtu. Kufika Naivasha niliivua.

Mai Mahiu nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya Salim, mjukuu mmoja mapajani. Alichokiona kwanza ni kanga yake juu ya kikapu. Nikakiweka chini, nikafunua, na ingawa aibu ilikuwa imenijaa, jicho la utafiti halikulala. Nilitaka kuona. Nilidhani atamrukia.

Karani akatoka, akanusa vumbi la barabara, akampita Bi Zena kama anavyopitwa mtu msiyejuana naye, akaingia ndani, akajificha mvunguni mwa kitanda.

Moyo wangu, mwanangu, ulisema maneno mabaya. Ulisema: kumbe nilikuwa sahihi.

"Amekasirika," Bi Zena akasema. "Ana haki yake."

Akampa mkwewe mtoto, akaingia, akatungua kikapu cha nyuzi ukutani. Nikaiona ile kofia aliyokuwa akiishona Bondeni. Sindano ilikuwa imechomekwa palepale, kwenye ua lilelile ambalo halijafika nusu. Tangu aondoke hakuwa ameshona hata mshono mmoja. Akaketi mkekani, kitanda kikiwa nyuma yake, na hakumwita. Akaanza kushona. Mkwewe alinipa chai, nikaishika mpaka ikapoa.

Ua lile halijaisha, soksi moja nyeupe ikatokeza mvunguni. Kisha ya pili. Karani akaja polepole, akazunguka mara moja, akaketi na kuuegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa Bi Zena. Hawakutazamana. Yeye anatazama ukuta, mama anatazama kofia, mgongo kwa mgongo. Baadaye mkono wa Bi Zena ukapita nyuma na dagaa mmoja, na dagaa akaliwa.

"Nisamehe, Bi Zena," nikasema. "Nilikosea."

Akajibu bila kugeuka, nadhani asimsumbue mwenzake. "Kutojua kwako hakunikasirishi, mwanangu. Hata mimi sikujua, ndiyo maana niliuliza. Ungesema 'sijui', ningemchukua tukajaribu, mimi na yeye."

Nimefanya kazi ya mifugo maisha yangu yote tangu siku ile, na nimepanda vyeo ambavyo Baba hakuota. Watu bado huniuliza, mnyama gani ni mwaminifu kuliko wenzake? Mbwa hupenda kama ngoma, utasikia ukiwa mbali, na ikiwa siku moja alikuacha kwa matumbo, hata rafiki zangu wamewahi kuniacha kwa machache kuliko hayo. Ng'ombe huujua mkono unaomkama, na ukibadilika huzuia maziwa. Paka nimemtazama miaka mingi, na katika daftari langu, mbele ya swali la Bi Zena, nimeandika neno moja: sijui. Ila najua anapokaa. Ukitaka kujua kama anakupenda, usitazame anavyokujia. Tazama alikuwa wapi ulipokuwa hupo.

Basi shika hili, mwanangu. Usimpime mtu kwa kipimo cha jirani yake. Utaoa au utaolewa na mtu asiye na maneno, utazaa mtoto asiyekumbatia, na utajaribiwa kusema hajali. Subiri uone vumbi la kigoda. Na siku utakapokuwa na karatasi yako, tena nakuombea iwe kubwa kuliko yangu, watu watakujia na maswali ya moyo wao. Kama hujui, sema hujui. Akili nyingi huondoa maarifa, na neno la msomi huvunja nyumba kabla halijakaguliwa.

Kofia ile Bi Zena alinitumia kwa dereva wa lori, miezi kadhaa baadaye, imekamilika. Nimeitundika kwenye msumari mmoja na diploma yangu, na wageni hushangaa Mkristo wa magharibi na kofia ya viua wamekutana wapi. Ukiisogeza dirishani utaona kwenye mshono unywele mmoja mweusi ulioshonewa pamoja na uzi. Wajukuu nimewakataza kuuchomoa.

Mungu akupe elimu, mwanangu, akupe na ulimi usioona haya kusema sijui. Na utakapochoka, nyumba yako isikose mgongo wa kuegemeana nao.